Taa Inayowaka Adhuhuri

"Kanyaga!" Sajini Muhidini alipaza sauti kutoka nyuma ya lori.

Koplo Kombo, ambaye tumbo lake na usukani vilikuwa vinagombea nafasi moja, akakanyaga breki. Taa nyekundu iliyokuwa juu ya kibati cha namba ikawaka.

"Achia!"

Ikazimika.

"Kanyaga tena!"

Ikawaka. Waliijaribu asubuhi jua lilipokwisha kupanda, wakaijaribu adhuhuri, na sasa alasiri, na haikukataa hata mara moja. Muhidini alianza kuichukia kama anavyochukiwa shahidi anayejibu "ndiyo" kwa kila swali.

Lori lilikuwa katikati ya ua wa polisi wa Kilindoni, bodi ya nyuma imebonyea pale pikipiki ilipoingia. Pikipiki yenyewe ililazwa pembeni chini ya turubai. Mwenyewe alikwisha kuzikwa Kiegeani: Zahor bin Hamdu, kijana aliyejulikana kisiwa kizima, maana pikipiki kama ile haikuwapo nyingine. Baba yake, Mzee Hamdu bin Mbarouk, ndiye aliyekuwa na minazi, na lori la kubebea mbata zake, na dereva wa lori hilo. Dereva, Jumanne Mfaume, alikuwa chumba cha mahabusu kilichopakana na ua, akisikia kila "kanyaga" na kila "achia".

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Alfajiri moja ya kipupwe, giza bado halijaondoka, lori lilitoka Kiegeani na magunia ya mbata kuwahi bandarini. Zahor alifuata nyuma. Ng'ombe akakatiza njia, Jumanne akafunga breki, ng'ombe akasalimika. Zahor aliingia kwenye bodi ya nyuma kwa mwendo aliokuwa nao.

Kama taa ya breki iliwaka, ilikuwa ajali, na watu wangesema Mungu amepanga. Kama haikuwaka na dereva akijua kuwa mbovu, ilikuwa kuua kwa uzembe, na jela yake haina mchezo. Mzee Hamdu alikwisha kuapa mbele ya Bwana DC kwamba dereva amemuulia mwanawe. Bwana DC, Mwingereza aliyependa mambo yaishe, alitaka jibu kabla boti ya serikali haijaondoka kesho kutwa asubuhi kwenda Dar es Salaam. Ama Jumanne apande na pingu, ama abaki.

Kwa hiyo wakamleta Muhidini kutoka Dar es Salaam, kwa sababu moja tu: wakati wa vita aliendesha na kutengeneza malori ya jeshi huko Burma, na polisi walikuwa na watu wengi wa kumkamata mwizi lakini wachache wa kulihoji gari.

"Sajini," Kombo aliita, "gari limekiri. Taa nzima. Tumtoe mtu tukale."

"Bado."

Akatwaa balbu yake ndogo yenye nyaya mbili, ile aliyoitengeneza mwenyewe ya kupimia umeme, akaingia chini ya lori. Umeme wa taa ya breki una njia fupi. Hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi, hushuka mpaka kwenye swichi iliyofungwa juu ya silinda ya breki, na ukiruhusiwa hapo hukimbilia nyuma kwenye balbu, kisha hurudi kwa njia ya chuma cha gari. Anayetoa ruhusa ni mafuta ya breki. Dereva akikanyaga, mafuta yanasukumwa, nayo yanaisukuma swichi.

Alipima kwenye fyuzi, umeme upo. Alipima kabla ya swichi, upo. Alipima baada ya swichi Kombo akiwa amekanyaga, upo. Nyuma kabisa, pale waya unapofungwa kwenye chuma, alikuta kutu ya chumvi, na moyo ukamruka kwa furaha. Kutu ya namna ile imewazimia taa watu wengi. Akautikisa waya, akauvuta, akaugonga kwa spana.

"Inapepesa?"

"Kukodoa tu," alijibu Kombo, aliyekwisha kushuka na kuweka jiwe juu ya pedali.

Muhidini akatoka chini ya gari na mchanga mgongoni na tamaa imemwishia.

*

Shahidi alikuwa mmoja, tena mgema. Walimkuta Shaibu kando ya barabara ya Kiegeani, kibuyu kiunoni, ameshazungukwa na watu watatu waliotaka kuisikia hadithi upya. Muhidini akawafukuza.

"Ulikuwa wapi?"

"Juu ya mnazi huu, nagema. Nikaona lori linakuja, na Zahor nyuma yake. Lile lori lina kitaa chake kidogo cha nyuma, kinawaka muda wote wa giza. Ng'ombe akapita, tairi zikalia, lori likasimama. Kitaa ni kile kile. Hakikuongezeka."

"Halafu?"

"Jumanne akatoa kichwa dirishani. Akacheka."

"Jana ulimwambia koplo kwamba alipiga kelele."

"Alipiga kelele, kisha akacheka."

"Na juzi ulisema hukuuona uso wake kwa giza," alisema Kombo. Akamgeukia sajini. "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tangu msiba huyu hanunui kahawa, ananunuliwa. Kila kikombe kinaongeza neno."

Shaibu akanuna. Muhidini akamrudisha mwanzo, kisha akamrudisha tena, na kila mara kitu kilianguka. Kicheko kikaanguka, kichwa dirishani kikaanguka, mpaka ng'ombe aliyekuwa mweusi akageuka wa madoa. Kitu kimoja tu kilibaki mahali pake kila mara. Tairi zililia, na wekundu uliokuwa nyuma ya lori haukuongezeka.

"Mwongo yule," alisema Kombo njiani.

"Mwongo. Lakini hilo halisemi kwa uongo."

Hapo ndipo Muhidini alipoanza kuona ubaya wa kazi yake. Alikuja akitumaini kumtoa mtu ndani. Kila alichokigusa kilikuwa kinamsukuma ndani zaidi.

*

Jumanne alisimama alipoingia. Alikuwa mtu wa miaka kama thelathini, mrefu, na tangu akamatwe alikuwa hajala cha maana.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaa. Taa ya breki ya lori lako ni nzima?"

"Nzima. Huikagua kila siku."

"Saa ngapi?"

"Tukimaliza kushusha mzigo bandarini. Adhuhuri hivi. Humwambia mtu anitazamie nyuma."

"Alfajiri hukagui?"

"Alfajiri nani atanitazamia, afande? Watu wako msikitini."

"Breki zenyewe, umezigusa karibuni? Umefungua kitu, umeongeza kitu?"

Alichelewa kujibu. Hakuchelewa sana, ila mtu aliyehoji wengi hujua kupima kimya.

"Sijagusa kitu."

"Jumanne, mimi sikuja kukufunga."

"Najua, afande."

"Basi nisaidie."

Jumanne akatazama ukuta. Muhidini aliondoka pale akijua kuna jambo, na akijua pia kwamba hata akikaa na mtu yule mpaka boti iondoke, hatalipata kwake.

Aliligundua kosa lake mwenyewe akiwa anakula wali wa jana usiku huo, na likamkera mpaka akausukuma wali pembeni. Walikuwa wameijaribu taa asubuhi jua likiwaka, adhuhuri na alasiri. Wakati pekee ambao hawakuijaribu ni ule aliokufa mtu.

*

Alfajiri ilikuwa ya baridi ya kusi, ile inayowafanya watu wa pwani waseme wanakufa. Kombo alikuja amejifunga shuka juu ya sare, akilaani gari, barabara, na aliyevumbua breki.

"Kanyaga," alisema Muhidini.

"Nimekanyaga."

"Nasema kanyaga!"

"Nimesimama juu yake, sajini! Unataka niruke?"

Nyuma ya lori palikuwa na giza tupu. Muhidini akaisogelea taa mpaka pua ikakaribia kioo. Haikuwaka hata kidogo.

Hakushangilia. Aliingia chini na tochi mdomoni, akachukua kipande kifupi cha waya na kuziunganisha ncha mbili za swichi, kama mtu anayeuruka mlango uliofungwa.

"Imewaka!" Kombo alipiga kelele kutoka nyuma. "Imewaka, na mimi niko huku, hakuna aliyekanyaga!"

Basi betri ilikuwa nzima. Fyuzi, waya, balbu, hata ile kutu aliyoishuku, vyote havikuwa na hatia. Kulikuwa na mwongo mmoja tu, na alikuwa akidanganya alfajiri peke yake. Muhidini akatwaa spana, akaifungua swichi taratibu. Alitega kiganja kupokea mafuta ya breki. Hayakutiririka. Mdomo wa swichi ulikuwa umezibwa na kitu cheupe, kigumu kiasi, mfano wa samli. Alikichota kwa ncha ya kidole, akatoka nacho nje. Kabla hajasimama vizuri kilikuwa kimeshaanza kuyeyuka kwa joto la mwili wake.

Kombo akainama akanusa.

"Sajini, haya ni mafuta ya nazi."

"Ndiyo."

"Lakini... kipupwe hiki yanaganda! Mke wangu huianika chupa juani ndipo apate tone la kujipaka."

"Ndiyo, Kombo."

Kila kitu kilikaa mahali pake, na Muhidini alitamani kisingekaa. Mtu alikuwa ameongeza mafuta ya nazi kwenye breki. Mafuta ya nazi ni mepesi kuliko yale ya breki, kwa hiyo hupanda juu, na juu kabisa ndipo swichi ilipofungwa. Chini, kwenye magurudumu, yalibaki yale ya zamani, ndiyo maana breki zilishika na tairi zikalia. Usiku baridi ikiingia, ya juu yanaganda na kuifunga swichi mdomo. Jua likipanda yanayeyuka, taa inawaka, na dereva anayekagua adhuhuri anaenda nyumbani amani moyoni.

Akaifunga swichi kama alivyoikuta, akaenda moja kwa moja mahabusu.

Alimwonyesha Jumanne kidole kinachong'aa. Jumanne akafumba macho.

"Nani aliyatia haya?"

"Mimi."

"Uliyatoa wapi?"

"Niliiba. Jikoni kwa Mzee Hamdu."

"Yalikuwa wapi?"

"Kwenye chupa. Juu ya meza."

"Mwenyewe alijua?"

"Hakujua kitu. Mafuta ya breki yalipungua, nikaona nitie hayo. Andika, afande, nitaweka dole gumba."

Alikuwa anadanganya, na alidanganya vibaya, kama mtu asiye na mazoea. Muhidini akavuta kigoda akakaa karibu naye.

"Unajua maana ya unayosema? Mtu anayeiba mafuta na kuyatia kwenye breki za watu bila mwenye gari kujua, huyo haendi Dar es Salaam kutembea. Utakaa ndani miaka."

"Najua."

"Unamkinga nani?"

"Andika, afande."

*

Mzee Hamdu alikuwa kaburini kwa mwanawe, akisoma Yasini kama kila siku tangu mazishi, wakati Muhidini alipobisha hodi nyumbani kwake Kiegeani. Aliyetoka barazani ni Bi Jokha, mkewe, amejitanda kaniki ya msiba.

"Shikamoo, bi mkubwa. Poleni kwa msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumekwisha kupoa. Mzee hayupo."

"Nimekuja kwako. Nataka kuuliza juu ya mafuta ya nazi."

Mama yule hakuuliza mafuta gani. Aliangalia njia inayotoka makaburini, kisha akakaa.

"Jumanne anasema aliiba chupa juu ya meza jikoni," alisema Muhidini.

"Mafuta yangu hayakai mezani. Yanakaa kabatini, na ufunguo ninautia kwenye pindo la kanga. Jumanne hajapata kuiba hata embe bivu katika nyumba hii."

"Nani aliyekuomba ufunguo?"

Machozi yalimtoka Bi Jokha kabla ya neno. Hakuyafuta.

"Somoe, mama yake Jumanne, Mungu amrehemu, ndiye aliyemnyonyesha Zahor. Nilikuwa hoi kwa homa ya uzazi, sina hata tone. Hawa ni ndugu wa ziwa, mwanangu. Mmoja nimemzika. Wa pili mnanichukulia."

"Nani aliyekuomba ufunguo, bi mkubwa?"

"Mume wangu." Alisema kwa sauti ya chini, ingawa hapakuwa na mtu. "Kopo la mafuta ya breki lilikuwa halijaja kutoka Dar es Salaam. Jumanne akaja akasema gari lilale. Mzee akasema haliwezi kulala, mbata zitaachwa na chombo. Akachukua chupa yangu, yenye mafuta niliyoyakamua mwenyewe, akampa, ikarudi na yaliyobaki. Mimi sikujua litakalotokea, nani angejua? Siku moja matangani nikataka kujipaka, nikaipindua chupa. Imeganda. Nikakaa nikaitazama. Watu wanadhani nilikuwa nalia Zahor tu."

"Mzee amelijua hili?"

"Hajalijua. Na usimwambie." Akamshika mkono, jambo ambalo mwanamke wa nyumba ile asingelifanya siku nyingine. "Niapie. Yule mtoto alikuwa ndiye pumzi yake. Akijua ni mkono wake, nitazika wawili."

"Na Jumanne? Boti inaondoka kesho."

"Sijui, mwanangu," alisema Bi Jokha. "Mimi sijui. Wewe ndiye uliyetumwa."

Muhidini akaapa. Kabla hajafika barabarani alikwisha kujuta. Kama angeandika aliyoambiwa na Bi Jokha, angekuwa amevunja kiapo na kumvunja mzee. Kama angeandika aliyoambiwa na Jumanne, angekuwa amemfunga mtu kwa uongo anaoujua. Alitembea mpaka Kilindoni kwa miguu, gari la polisi likimfuata nyuma polepole na Kombo ndani yake.

Kanuni ilimpa upenyo mmoja, nao haukumfurahisha. Gari likipimwa kwa ajili ya kesi, mwenye gari huitwa ashuhudie. Akampelekea Mzee Hamdu ujumbe: alfajiri, ua wa polisi.

*

Mzee Hamdu alifika kabla ya wote. Alikuwa na kanzu safi na koti, bakora mkononi, na hakulitazama lori. Alipoletwa Jumanne na pingu zake, naye pia hakumtazama.

"Shikamoo, baba," alisema Jumanne.

Mzee hakuitikia.

Muhidini alimpandisha Jumanne kwenye usukani. Mikono ilikuwa imefungwa, lakini breki hukanyagwa kwa mguu. Akamweka mzee nyuma ya lori, mbele ya ile bodi iliyobonyea.

"Jumanne, kanyaga."

Giza.

"Kanyaga tena."

Giza vilevile. Kombo aliinamisha kichwa.

"Mmeona!" Mzee Hamdu alipiga bakora chini. Sauti yake ilikuwa na furaha mbaya, furaha ya mtu aliyenyang'anywa kila kitu akabakiwa na kisasi. "Nilisema haikuwaka! Mkaniona mzee nimechanganyikiwa. Alijua, akamwacha mwanangu afuate chuma gizani. Mpelekeni!"

"Hatujamaliza, mzee. Njoo huku mbele."

Muhidini aliingia chini, akaifungua swichi. Alipotoka alikuwa na donge jeupe kwenye ncha ya kidole. Alimnyooshea mzee na hakusema kitu, maana alikuwa ameapa. Kombo akamulika kwa tochi.

Mzee Hamdu alitazama. Akaushika mkono wa sajini, akausogeza puani. Alikuwa ameishi kwenye minazi maisha yake yote na hakuhitaji kunusa mara ya pili, lakini alinusa.

"Hiki ndicho kilichoifunga taa," alisema Muhidini. "Kinaganda kwa baridi ya alfajiri. Mchana kinayeyuka. Dereva hakuweza kujua."

"Niliyaiba!" Jumanne aliita kutoka kwenye usukani, kwa haraka, kama mtu anayewahi mlango. "Baba, niliyaiba jikoni kwako. Hukujua. Nimemwambia afande, nimekubali. Yameisha."

Muhidini aliiona njia ambayo Jumanne alimfungulia yule mzee. Ilikuwa pana. Alichotakiwa ni kunyamaza tu, na boti ingeondoka, na asingeulizwa na mtu mpaka anaingia kaburini. Na Muhidini, aibu ilimshika kuliona hili, hakujua anataka mzee afanye nini.

"Uliiba?" aliuliza Mzee Hamdu.

"Niliiba, baba."

"Lini?"

"Siku... siku ile ulipokuwa shamba."

"Mwongo huyu," alisema mzee polepole. Bakora ilimponyoka na hakuiokota. "Sajini, mwongo huyu. Andika. Alikuja akasema mafuta ya breki yamepungua, tulilaze gari mpaka kopo lije. Ni mimi niliyesema mbata haingoji. Wakati wa vita mafuta yaliadimika, madereva wakatia ya mbarika na malori yakaenda, wewe mwenyewe utakuwa uliyaona. Nikamwambia kama ya mbarika yanafaa, ya nazi yatakosaje? Alisita. Nikamwambia usinifundishe mnazi. Nikampa kwa mkono wangu." Akautazama mkono. "Nikamwambia hata asiyachuje. Ni safi."

"Baba, basi," alisema Jumanne. Alikuwa analia waziwazi.

"Aliyepewa kitu na mwenyewe, ameiba?"

"Hapana, mzee," alijibu Muhidini.

"Basi mfungue."

Muhidini akatoa ufunguo, akamfungua. Pingu zikabaki mkononi mwake. Alipogeuka, Mzee Hamdu alikuwa amenyoosha mikono yote miwili mbele, vifundo vya mikono vimekutana, mikono ya kanzu imepanda juu.

"Na mimi," alisema.

"Mzee, wewe huna kosa."

"Nina nini?"

"Hukujua. Hakuna ambaye angejua. Mbele ya sheria hii ni ajali, na ndivyo nitakavyomwandikia Bwana DC."

"Ajali."

"Ndiyo, mzee. Hakuna kosa la kukushtakia."

Mzee Hamdu alimtazama kama anayesikiliza lugha ya watu wengine. Mikono haikushuka.

"Walisema wewe ni mpelelezi," alisema. "Walisema umetoka Dar es Salaam kwa kazi hiyo. Kosa lililojificha ndani ya chuma umelitafuta mpaka umelipata. Langu liko mbele yako hapa, na unaniambia halipo."

"Mzee..."

"Litafute, mwanangu. Usiniache hivi."

Jua lilikuwa linatoka. Kombo alijifanya anakunja shuka. Muhidini akazitia pingu mfukoni. Jumanne alishuka kwenye lori, akaja akaishika ile mikono iliyonyooshwa, akajaribu kuishusha taratibu, na mzee akakataa.